Mkono wa Choo Uliompeleka Musyoka Isiolo

Garissa,
Jumapili.

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mwanao Kioko. Mwili wangu ni mzima. Mengine utayasikia humu. Je, mguu wako umepoa? Mvua imefika huko Kitui? Dada Mwikali, wewe unayemsomea Mama, tafadhali usiruke neno.

Mama, umeuliza kwa nini kaka Musyoka alikuwa safarini wiki ile na zamu haikuwa yake. Tulipomzika nilinyamaza. Leo nakueleza.

Nyumba ya serikali tuliyokaa naye ina choo cha kuvuta maji. Mkono wake, kile chuma cha kushushia maji, ulikatika Musyoka alipouvuta kwa nguvu. Majuma matatu tukawa tunamwaga maji kwa ndoo. Siku moja nilitoka ofisini nimechoka, nikakuta ndoo tupu, nikamfokea: "Wewe ndiye uliyeuvunja, wewe ndiye utakayeleta mwingine!"

Akacheka. "Basi, mdogo wangu, nitauleta."

Hapa hakuna duka lenye vitu hivyo. Akamwomba dereva mwenzake, Hassan, wabadilishane zamu, akaondoka alfajiri na msafara wa malori kwenda Isiolo. Sikuamka kumuaga. Wakati wa kurudi, walipopita Modogashe, lori lake likakanyaga bomu ambalo shifta, wale waasi wa Kisomali, walikuwa wamelifukia barabarani.

Juzi Hassan aliniletea mfuko wa Musyoka uliookotwa kwenye lori. Ndani mlikuwa na shati, na mkono mpya wa choo umefungwa kwa gazeti. Hassan akakaa sakafuni.

"Wallahi, Kioko, safari ilikuwa yangu."

"Mimi ndiye niliyemtuma," nikamwambia.

Tukalia wote wawili. Kisha akaomba spana, tukaufunga. Aliujaribu yeye, mimi nilitoka nje, nikasikia maji yakishuka. Wenzangu wa ofisini wananikataza kumkaribisha Msomali nyumbani siku hizi. Nimekataa. Hapa hakuna mwingine ninayeweza kumtaja Musyoka mbele yake.

Mama, neno langu la mwisho kwa ndugu yangu lilikuwa la choo. Ukiona nina hatia, nijibu kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa makali. Usininyamazie.

Nisalimie baba mdogo, shangazi aliye Mutomo, na watoto wote. Shemeji Kanini, mjane wetu, mweleze wewe kwanza. Nimeanza kumwandikia mara nne, na mara nne nimechana karatasi.

Ni mimi, mwana wa kiume uliyebaki naye,
Kioko