Mado na Mayi ya Pisine

Lundi, 6 mwezi wa kumi

Chokaa tangu asubuyi, ku usine, kiwanda yetu. Mufuko ku mabega, unamwanga mu basini, shimo kubwa ya mayi chafu, mayi ya aside inatulia. Unabeba ingine. Nilipakala mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, ku mikono kama siku zote, lakini mu shingo chokaa ilinikula. Kapita, mukubwa wa kazi, alisema tuongeze mwendo. Tuliongeza.

Kisha kazi nilipita ku pisine kumuangalia Mado, mutoto yangu. Banacheza waterpolo, mupira ya mu mayi. Yeye njo gardienne, anashika goli. Unaona kichwa tu. Chini miguu inapiga kama mashini, haigusi chini hata kidogo. Mupira ikikuya, anatoka mu mayi mpaka ku kiuno. Iko na myaka kumi na tisa. Myaka ine ya kucheza. Minye sijue hata kuogelea.

Mayi inageuka rangi ya majani. Mvua haiyakuya na robine haitoe mayi ya kutosha.

Jeudi, 9

Mama Solange, mwenye kubafundisha, alileta habari. Samedi ya 18 muntu mumoja wa Lubumbashi atakuya kuchagula babinti ba ekipe ya province. Anatafuta gardienne.

Mado alisema: "Papa, hii ni mara yangu." Kiisha hakukula. Sababu Mama Solange alisema vile vile: mayi ikibakia hivi, hakuna match. Komite haina dawa ya kusafisha.

Mama yake alikufaka mwezi hii hii, myaka tatu sasa. Kisha kilio Mado alirudia ku pisine mbio. Badada ba marehemu muke yangu balikasirika, balisema mutoto anacheza na matanga haiyaisha. Nilibaambia bamuache. Ku nyumba alikuwa kimya kama kiti. Kule alikuwa anapiga kelele. Nilipenda kelele.

Vendredi, 10

Niliangalia basini yetu ku kazi. Mayi chafu, unamwanga chokaa, uchafu inashuka. Asubuyi juu inaonekana kama kioo. Myaka kumi na moja naona ile. Haiombe masomo.

Niliweka mufuko moja na nusu pembeni. Benzangu balinicheka. "Baba ya samaki, unaenda kupakala nyumba?" Nilisema ndiyo.

Dimanche, 12

Sikuenda ku misa. Papa Kalala, zamu mwenye kulinda pisine, yeye alienda. Nilibeba chokaa, nilipita pa kibambazi ya pisine, ukuta yenye kuanguka. Nilimwanga chokaa yote. Nilikoroga na muti murefu. Mayi ikakuwa kama maziwa. Niliogopa kidogo. Lakini hata ku kazi inaanzaka vile.

Nilirudia, nilipika bukari, ugali yetu. Nilikuwa na furaha. Naandika ili nisijidanganye: nilikuwa na furaha.

Lundi, 13

Mado alirudia mbio. "Papa! Mayi imekuwa safi! Tunaona mpaka chini!" Mama Solange anasema ni Mungu. Papa Kalala anasema hapana, ni yeye, alitosha majani mu mayi na kitunga siku tatu. Bote balimucheka muzee.

Kesho banaingia.

Nilitaka achaguliwe kwanza. Halafu nimuambie ni minye, nimuone uso.

Mardi, 14

Mado iko ku hopitali. Macho.

Mercredi, 15

Goli yabo inafungwa na kamba ku majiwe makubwa chini. Kamba ililegea. Gardienne njo mwenye kushuka kufunga. Alishuka macho wazi. Chokaa ilikuwa imelala kule chini kama bukari ya jana. Aliigusa na mikono, ikapanda yote mu uso. Benzake balitoka macho nyekundu, balinawa, ikaisha. Yeye alibakia chini. Alitaka kumaliza kufunga. Mama Solange njo aliingia na manguo yote kumutosha.

Munganga alinusa nguo yake ya kuogelea. Aliuliza: nani aliweka chokaa? Aliniangalia. "Papa, weye unatumika na bintu hivi. Unajua kitu?"

Nilisema sijue.

Mado alikuwa pale, macho ya kufungwa na kitambaa. Aliitika na kichwa, kama kusema: baba yangu hajue.

Jeudi, 16

Nilimuuliza kapita, kama mambo ya kuzungumuza tu: chokaa mu mayi ya kawaida inafanya nini?

Alicheka. "Weye mujinga? Huku aside inakula chokaa. Kama hakuna aside, chokaa itakula nini? Itakula muntu."

Myaka kumi na moja. Naona mayi inakuwa kioo, sikuulizaka hata siku moja juu ya nini.

Nilibeba mifuko mpaka saa ya kutoka. Sikupakala mafuta.

Samedi, 18

Yule wa Lubumbashi alikuya. Pisine ilikuwa na kamba ku mulango. Aliuliza gardienne. Balimuambia iko mugonjwa. Aliandika majina ya babinti babili bale alibajua tangu zamani, kiisha aliingia mu motokari. Ni Mama Solange alinieleza. Minye nilikuwa pembeni ya kitanda.

Mado aliuliza saa ngapi. Nilimuambia saa kumi. Akasema: "Basi imeisha."

Lundi, 20

Komite ilimufukuza Papa Kalala. Banasema alilala, au aliweka dawa yake mwenyewe, si alijisifu mbele ya bote? Chumba yake ilikuwa ya pisine. Sasa analala ku paroisse ya kanisa. Ni muzee, familia yake iko Kasai, hakuna mwenye kumukaribisha.

Alikuya ku hopitali na machungwa. Alikaa ku kitanda, akalia mbele ya bagonjwa bote.

"Mutoto yangu, nilikuwa ku misa. Kama nilikuwa pale, hakuna muntu angeingia."

Mado alitafuta mukono yake, akaishika. "Papa Kalala, si kosa yako."

Minye nilikuwa namenya chungwa. Niliendelea kumenya.

Vendredi, 24

Balitosha kitambaa. Jicho ya kuume inaona. Ya kushoto iko nyeupe. Munganga anasema haitarudia.

Mado alichukua chungwa, aliitupa juu, alitaka kuishika. Ilianguka. Alijaribu tena. Ilianguka. Mara ya tatu niliokota, nikabakia nayo mu mukono.

"Papa, naiona inakuya. Lakini sijue iko karibu ao iko mbali."

Hakulia. Afazali angelia.

Dimanche, 26

Nilimuambia. Ku nyumba, kisha kula. Mufuko moja na nusu, kibambazi, muti ya kukoroga. Yote.

Nilifikiri atauliza juu ya jicho. Aliuliza kitu ingine.

"Ulimuona Papa Kalala analia?"

"Nilimuona."

"Na ukamenya chungwa."

Kiisha alisimama, aliosha sahani. Aliosha yake tu.

Mardi, 28

Jana nilienda kwanza kwa Papa Kalala. Nilifikiri atanipiga. Nilisimama karibu ili anifikie. Hakunipiga. Alisema: "Ungeniomba funguo, ningekuuliza unabeba nini." Ile tu.

Kiisha komite. Nilisema mbele ya bote. Balimurudishia muzee chumba yake. Mama Solange hakuniangalia. Ku usine nako habari ilifika, balinitosha ku kazi juu ya kuiba chokaa. Sikubisha.

Leo Mado alienda Kapolowe kwa mama yake mudogo. Alibeba manguo. Bonnet yake, kofia ya kuogelea ya namba moja, aliiacha ku musumari. Nilimusindikiza mpaka ku taxi-bus. Aliingia upande wa dirisha, jicho muzima ikaangalia barabara.

Dimanche, 9 mwezi wa kumi na moja

Nabeba mizigo ku soko sasa. Unga, saruji. Chokaa nakataa.

Mvua ilikuya. Nilienda ku misa. Papa Kalala alikuwa mbele, hakugeuka.

Kapolowe kimya.

Mardi, 18

Simu ilipiga asubuyi. Neno ya kuandika, ya kwanza tangu Mado aende.

*Dawa ya macho inaisha.*

Hakuna Papa mbele. Hakuna kintu nyuma. Nilisoma mara mingi, niko muzito wa kusoma.

Niliacha mizigo ya bantu, nilienda ku farmasi, nikachukua chupa mbili. Nilitaka kutia barua. Niliandika MADO tu ku mufuko, herufi kubwa kubwa, asiteseke kuisoma. Nilimupa chauffeur ya taxi-bus ya Kapolowe. Aliuliza nani atapokea. Nilisema mutoto yangu.

Nilikaa ku parking mpaka motokari ikajaa, ikaenda.