Kwa Njuki: Visiki Vile Vilichipua

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Njuki wetu, na mimi cucu yako, bibi yako mzaa mzazi, nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo langoni bado naacha kazi na kuchungulia. Nasema labda ni wewe, umefika kutoka Maua na mkoba wako wa vitabu. Halafu pikipiki inapita, inaenda zake Runyenjes sokoni, nami narudi kwa mboga zangu.

Waliosoma vitabu vyako wanakujua kwa lile jina la kwenye jalada. Sisi tunakujua kwa mengine. Ulipenda chai ya maziwa iliyokolea, na ukishapewa unaisahau hadi inashika utando. Ulikuwa humpiti mtu njiani bila kumwuliza habari za mama yake. Kule Maua ulikofundisha hukumchapa mtoto hata mmoja, kwa sababu wewe ulichapwa sana, ukasema hiyo kazi ikomee kwako. Watu waliuliza mbona ndani ya hadithi zako hakuna mwalimu mwenye fimbo. Mimi sikuuliza.

Niliwalea wewe na kaka yako Runji mama yenu alipotangulia. Uandishi wako naona ulianzia pale kiwanda cha kahawa, wakati wa kuchambua. Tulikuwa tunamwaga kahawa juu ya gunia, nyekundu huku, mbichi na zilizoharibika kule, ndipo zipimwe. Akina mama wakichambua wanasimulia, na wewe mkono unasimama, mdomo wazi. Runji alikuwa anachambua fungu lake na lako, nisije nikakugombeza. Ukiwa mtu mzima uliniambia, "Cucu, hata sasa nafanya vile vile. Neno bichi natoa." Nilifurahi sana siku hiyo, ingawa sikukuonyesha.

Na imani yako uliitia humo humo. Uliandika juu ya dereva wa pikapu ya miraa, zile zinazokimbia bila kusimamia mtu, aliyesimama alfajiri akambeba mama mgonjwa, mzigo ukachelewa Nairobi. Gladwell mke wako alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Baba Wawira, pikapu ya Maua isimame? Hiyo umeionea wapi?"

"Sijaiona," ukamwambia. "Lakini kwa kitabu changu itasimama. Mungu akiniuliza, sitaki kumwambia niliiacha ipite."

Ndivyo ulivyokuwa. Uliyoyaona uliyaandika, na uliyoyaamini ukayaandika kama umeyaona. Na hapo ndipo palipotuumiza.

Babu yako Muchangi alipolazwa hospitali, kahawa yake ilikuwa imezeeka, inazaa majani tu. Akiwa kitandani alimtuma Runji akate mashina yote, yabaki visiki vya kufika gotini, ili vitoe machipukizi mapya. Kahawa hurudishiwa ujana hivyo. Lakini wewe tulikupeleka shule ya bweni ukiwa mdogo, hilo hukuwahi kuliona likifanywa. Ulikuja kumwona babu, ukapitia nyumbani, ukakuta shamba liko uchi, na mashina yamepangwa kama kuni mlangoni kwa Runji. Hukuuliza mtu. Ulisimama kando ya visiki umeshika kichwa, kisha ukarudi barabarani. Babu akafariki wiki hiyo hiyo. Tukamzika, ukaenda Maua na uchungu wako, ukaandika.

Kitabu chako cha pili, kile cha jalada jekundu, kilisifiwa hadi kikasomwa redioni. Ndani yake kuna kaka anaitwa Shoka, anayekata kahawa ya baba yake auze kuni baba akiwa mgonjwa. Baba anasikia, anageukia ukuta, anakufa. Wasomaji wa mbali walilia. Wa hapa kwetu walicheka, maana walijua shamba ni la nani.

"Shoka! Leo zamu ya nani?" vijana wa boda boda walimpigia kelele kaka yako.

Kiwandani nako: "Mpisheni Shoka apime kwanza, asije akatufyeka miguu!"

Runji alipita zake. Kitabu chenyewe hakukisoma, alisomewa na midomo ya watu. Akaacha kutaja jina lako.

Nilikupigia simu nikakuambia, "Njuki, vile visiki vimechipua."

Ukasema, "Cucu, usimtetee."

Nikaweka simu chini. Nilisema moyoni, macho yake ndiyo yaliyomdanganya, basi yaje yenyewe yamwambie ukweli. Mimi kungoja najua.

Ulikuja Krismasi, baada ya kuikwepa Krismasi nyingi. Tulitoka kanisani ukapita nyuma ya nyumba, ukakuta kahawa imekupita kichwa, matawi yameinama kwa uzito.

"Cucu, hii mlipanda lini?"

"Hatukupanda. Ni ile ile ya babu yako. Ndiye aliyemtuma Runji aikate."

Ulipiga magoti ukatenga majani ya chini ukakiona kisiki, shina jipya limetoka ubavuni mwake. Ukaketi pale pale kwa udongo na suruali ya kanisa. Kisha ukaenda kwa Runji akiwa anakatia ng'ombe majani. Nilikuwa ugani, nilisikia yote.

"Kaka, nilikosea. Nitaandika kingine."

Runji hakugeuka. "Andika, si wewe ndiye mwandishi. Lakini hicho kingine kikifika, mimi nitakuwa naitwa Shoka na wajukuu wangu."

Uliondoka kesho yake ukaanza kuandika. Gladwell anasema ulikuwa unaandika hata ukiwa umetundikiwa dawa, lakini figo hazikukupa nafasi. Hukufika mbali.

Runji alichimba kaburi lako, hakutaka mtu amshikie jembe. Lakini tulipoandika tangazo la kifo alikuja mlangoni akasema, "Cucu, jina langu msiweke." Sikumlazimisha. Tangazo likatoka kama la mtu asiyekuwa na kaka. Jambo hilo limenila mwaka mzima, kwa sababu mimi ni mzee, na sitaki kuondoka nikiwaacha ninyi wawili hivyo, mmoja juu ya udongo na mwingine chini.

Basi mwaka huu nilingoja kahawa iive. Mtu akichuma mikono ina kazi, hawezi kuinuka aende. Nilichukua kile kitabu chekundu na miwani yangu, nikaketi kwa ndoo iliyopinduliwa kando ya mstari wa Runji. Unajua kusoma kwangu, kidole mbele, sauti nyuma. Nikatafuta ule ukurasa mto umefurika na mtoto anaogopa kuvuka kwenda shule. Shoka, kabla moyo wake haujawa mgumu, anachutama mbele yake na kusema: "Panda. Ukifunga macho, maji hayakuoni." Anambeba mgongoni, maji yanamfika mapajani, na mtoto hata soksi haziloi.

Runji aliacha kuchuma.

"Hiyo iko kwa hicho kitabu?"

"Iko."

"Hayo maneno ni yangu. Nilimwambia hivyo hivyo."

"Najua ni yako."

Akachuma kidogo. "Alikuwa mzito huyo. Na alinikojolea mgongoni katikati ya mto. Mbona hilo hakuandika?"

"Aliona haya."

Runji akacheka, kicheko ambacho sijakisikia kwake tangu babu yenu afe. Kisha akavuta tawi la kahawa likamfunika uso, akakaa nyuma yake muda.

"Soma tena, cucu," akasema kutoka huko.

Nilisoma hadi jua likahama. Njuki, hata ukiwa umekasirika uliweka mgongo wa kaka yako mle ndani. Hasira iliandika shoka, lakini haikuweza kuuacha ule mgongo nje.

Nikamwuliza, "Sasa kwa tangazo la mwaka huu, jina lako niweke?"

"Weka. Na useme kahawa ilikuwa ya babu, mimi nilitumwa."

Basi nasema, na waliosoma kitabu wasome na hapa. Kahawa ilikuwa ya Muchangi, naye ndiye aliyeagiza ikatwe. Runji alitii. Visiki vilichipua, na mwaka huu vimezaa kupita miaka yote. Kile kitabu ulichotaka kumwandikia kaka yako hukukimaliza, mjukuu wangu. Mimi sijui kuandika kitabu. Nimekuandikia hili.

Unakumbukwa na mke wako Gladwell Kendi, binti yako Wawira mwenye jina la mama yako, shangazi yako Cicily, wakwe zako wa Kanyakine, wanafunzi wako wa Maua, mimi cucu yako Ruguru, na kaka yako Runji aliyekuvusha mto.

Runji amesema nimalize hivi: Funga macho, ndugu yangu, maji hayakuoni.

Kila kahawa ikiiva tutakukumbuka, daima.