Seva Iliyobaki Githongo

Jumatatu, 11 Agosti

Diski ya kwanza imeingia. Ina ukubwa mara mbili ya ile niliyotoa. Seva imeanza kujijenga upya saa mbili asubuhi, nikiwa nimeshakamua ng'ombe. Itachukua siku nzima. Nafasi haiongezeki mpaka zote nne zibadilishwe, kwa hiyo wiki yangu inajulikana: kutoa, kutia, kungoja.

Nafasi ilikuwa imekwisha kabisa. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, na mazishi ya miaka tisa. Sijafuta hata moja.

Diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinajua ilichobeba. Zikifa mbili, yote yamekwenda. Na wakati wa kujenga upya ni kama moja imeshakufa. Nakala nyingine sina. Mutuma alienda nayo.

Jumanne, 12 Agosti

Stima ilipotea dakika ishirini. Betri ilishika. Diski ya kwanza imekubali, ya pili iko ndani.

Jana niliandika jina lake na sikufa. Basi niendelee. Mutuma, mume wangu wa miaka kumi na minane, alihamia Embu mjini mwezi wa pili, kwa mwanamke aliyekuwa akiwaremba maharusi wetu. Aliondoka na kamera zote mbili, wateja, jina la studio, na diski ya nje yenye nakala ya kila kitu. Seva aliiacha. Alisema ni jiko la kupasha nyumba joto. Yeye alipiga picha. Mimi nilirekodi sauti, nikakata, nikapanga, nikahifadhi. Kwenye kadi zake za biashara simo.

Namchukia. Nimeliandika neno hilo ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Amepiga simu mara saba. Sikushika. Kisha ujumbe: Mama Kendi, ni jambo la dharura. Nilimpigia Kendi kwanza, yuko chuo huko huko Embu. Mzima. Baba yake hajaenda kumwona hata siku moja tangu ahamie. Basi dharura si yangu.

Diski ya tatu imeingia saa nne. Baada ya saa moja ile ya nne, ya zamani, ikaanza kuleta makosa ya kusoma. Seva inarudia, inasoma, inaendelea. Inarudia tena. Niliketi mbele ya skrini mpaka saa nane, sijala. Makosa yalikoma yakiwa kumi na moja. Nilimlaani Mutuma kwa kila moja. Angeniachia nakala ningekuwa shambani.

Alhamisi, 14 Agosti

Diski ya tatu bado inajengwa. Inakwenda polepole kwa sababu ya yale makosa.

Amekuja mwenyewe. Saa tatu asubuhi, getini, viatu vyeupe kwenye matope. Sikumfungulia. Tumezungumza geti likiwa katikati.

Ile diski aliyoichukua ilianguka sakafuni. Haisomi, na mafundi wameshindwa. Na kuna familia Ishiara, nyanya yao amefariki, wanazika Jumamosi. Wanataka kuonyesha video ya siku alipotimiza miaka tisini na kubariki watoto wake. Sisi ndio tulioichukua. Mutuma amewaahidi iko.

"Mama Kendi, iko kwa seva. Nipe hiyo moja tu."

"Seva inajengwa upya. Haisomeki mpaka imalize."

"Itamaliza lini?"

"Jumapili."

Alinitazama akitafuta uongo. Hakuwa na njia ya kuujua.

"Nitawaambia nini hao watu?"

"Utajua. Wewe ni mtu wa maneno."

Nilidanganya. Ikijengwa, kila faili inasomeka, polepole tu. Angeketi nami hata siku moja katika miaka yote hiyo angejua.

Nimekuwa na furaha mchana kutwa. Furaha chafu. Nilikamua nikiimba.

Ijumaa, 15 Agosti

Diski ya tatu imekubali. Ya nne sitaigusa kwanza.

Furaha imekuwa kiungulia. Asubuhi nilifungua ile video. Nyanya ameketi mlangoni mwa jikoni, anawatemea mate kifuani mmoja mmoja kuwabariki, anawaita kwa majina. Mmoja anamwita kwa jina la ndugu yake, wanacheka wote. Maikrofoni nilimbania mimi kwenye leso, na akaniuliza kama itauma.

Huyu mama hajanikosea kitu.

Namba ya binti yake, Mwalimu Wanja, ilikuwa ndani ya folda. Nikampigia. Nikamwambia video ninayo na nitaileta kwa mkono wangu. Akalia.

"Mutuma alituambia imepotea," akasema. "Ati mke wake aliiharibu kwa hasira."

Nikakaa chini.

Nikamwomba jambo moja tu: itangazwe imetoka kwangu, kwa jina langu.

"Hilo ni dogo, mama," akasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilishuka kupitia Mitunguu. Ishiara joto, vumbi. Hema tatu, watu wengi.

Mutuma alikuwa pale, ndiye waliyemwita kurekodi mazishi. Aliponiona na laptopu alishika kamera kama mtu anayeshika ukuta.

Aliyekuwa na maikrofoni akasimama. "Video hii imeletwa na Kagendo wa Githongo. Yeye ndiye aliyetutunzia sauti ya mama yetu miaka hii yote." Akaniomba nisimame. Watu wakapiga makofi. Na kamera ya Mutuma ikanigeukia. Ilibidi. Ndiyo kazi iliyomleta.

Nilimtazama moja kwa moja ndani ya lenzi.

Kisha sauti ya nyanya ikatoka kwenye spika. Alipokosea lile jina watu walicheka, halafu yule mwana aliyeitwa vibaya akainama akalia. Dakika kadhaa nilimsahau Mutuma kabisa.

Alinifuata nikikunja nyaya.

"Ulisema haisomeki."

"Nawe ulisema niliiharibu."

Wakaja wanawake wawili wa familia kuuliza namba yangu, wana ruracio Desemba. Nikawapa polepole, tarakimu moja moja, akiwa amesimama hapo.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Diski ya nne imeingia. Ile ya zamani yenye makosa iko mezani. Nilidhani nitaipiga nyundo. Sikuona haja.

Jumatatu, 18 Agosti

Imekubali. Nafasi imeongezeka mara mbili.

Ujumbe wa Mutuma, adhuhuri: Mama Kendi, mazishi ya mama yangu yako humo? Sina picha yake nyingine.

Yamo. Nilijua yamo. Mama mkwe alinipenda kuliko alivyonipenda mwanawe. Niliitazama video hiyo mpaka mwisho, na nikalia, kwa ajili ya yule mama tu.

Sikumjibu. Nimemtumia Kendi faili zote za mazishi hayo. Baba yake akizitaka, aende akamwombe mtoto wake.

Kumekuwa na ukungu tangu mchana. Nimefua mapazia ya chumba cha seva, hayajakauka.