Fyuzi Iliyoungua

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumamosi, saa kumi jioni

Mjomba wangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Lakini adabu kwanza: shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mkaza mjomba hajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu hauna dawa dukani.

Lile gari kuukuu ulilotuachia, Baba ameling'oa injini. Sasa linakwenda kwa betri kubwa zilizopangwa nyuma. Lakini taa, honi na pampu ya breki bado zinategemea ile betri ndogo ya zamani, na injini iliyokuwa ikiichaji ndiyo hiyo haipo. Kwa hiyo kuna kisanduku kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kiichaji ndogo. Kitabu chake kimeandikwa kwa lugha ya shuleni. Baba akanipa. "Wewe ndiye msomi. Soma, ufunge."

Jirani yetu mchomeleaji alicheka mpaka akashika ukuta. "Gari bila injini? Hicho kitanda chenye matairi!" Baba akanivuta mbele ya watu wote. "Kachekee kwako. Fundi wangu wa umeme huyu hapa." Mjomba, unanijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ila moyoni nilifura kama andazi.

Sasa sikia. Jumatano Baba alikwenda kununua bolti. Wewe ulinifundisha kwamba waya wa hasi wa betri hutoka wa kwanza na hurudi wa mwisho. Sikusahau. Nilikuwa na haraka tu, nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Sikuutoa. Ncha ya waya mwekundu ikanichomoka mkononi, ikagusa bodi ya gari, cheche zikaruka, fyuzi ikaungua. Ilikuwa moja tu, ile nene, tuliyoisubiri wiki tatu.

Nikaificha ndani ya soksi. Mahali pake nikafunga kipande cha waya wa shaba, nikakizungushia utepe mweusi hadi kikaonekana kama kilizaliwa pale.

Baba aliniuliza, "Umefunga kama kitabu kinavyosema?" Nikaitikia kwa kichwa. Hata uongo wenyewe niliusema bila sauti.

Na gari linafanya kazi! Taa zinawaka, betri ndogo inachaji vizuri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Shaba yangu haitakatika. Waya ukichubuka popote, moto utaanzia mbele, karibu na miguu ya aliyeketi hapo.

Aliyeketi hapo ni Bibi. Ameingia tangu mchana, mkoba mapajani, na amegoma kushuka. "Nikishuka tu, mtaniacha." Baba anataka kumpeleka hadi sokoni na kurudi naye, jioni hii hii. Hiyo honi ninayoisikia ni Bibi, anatuharakisha.

Naomba uwasalimie mapacha, na mkaza mjomba umwambie kitambaa chake bado nakitunza. Mungu aunyooshe mgongo wako, na mikono yako isikose kazi.

Nyayo hizo. Ni Baba, kandambili ya kulia huwa anaikokota. Barua hii nimeianza mara nne, na kila nikisikia mkokoto huo naisukuma chini ya daftari la hesabu. Leo siisukumi. Nimeitoa fyuzi kwenye soksi, nimeiweka hapa juu ya karatasi, upande ulioungua ukitazama mlango.

Anaita, "Fundi wangu, twende! Bibi atamaliza honi!"

Kitasa kinazunguka. Mjomba, nimesimama.

Mpwa wako akupendaye,
yule unayemwita Kimya