Duka la Mapazia Halipakuliwi

Wanangu,

Nimekwenda kutundika mapazia ya mwalimu. Angalieni pasi, sikumbuki kama niliizima.

Asubuhi mlibishana, kaka mtu akitaka duka letu liwe programu ya simu, dada mtu akitaka tovuti. Kaka mtu akasema, “Mteja ataipakua tu, Mama.” Nikauliza, “Apakue nini, na mwiko ninao mimi?” Mkacheka mpaka chai ikawatoka puani. Iliniuma, msidhani.

Baadaye nikipiga pasi, nikainua pazia moja la mwalimu dirishani, jua likapenya kitambaani, chumba kizima kikawa cha buluu. Nikaota macho wazi: watu nisiowajua wanafungua dirisha, wanachungulia mapazia yetu yakipepea, wanaagiza, wanaenda zao.

~~Haya, iwe programu ya simu.~~

Hapana. Mtu hununua pazia leo, akarudi siku mwanawe anaoa. Nani atabeba duka langu mfukoni miaka yote hiyo? Iwe tovuti: afungue, achague, afunge. Kaka mtu, usinune.

Chakula kiko sufuriani. Hicho ndicho cha kupakua, na hakihitaji bando.

Mama yenu, mwenye mwiko