Barua ya Shukrani ya Kumi na Moja

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Siku ya tano ya kurekodi. Sebule yetu imekufa. Dirk ametundika shuka la bluu mbele ya kabati la vyombo, sofa iko nje barazani inanyeshewa, na mbwa kahamishiwa kwa jirani kwa sababu anabweka binti yetu Anneke akifika kwenye noti za juu. Mbwa huyo ndiye pekee nyumbani mwenye maoni ya kweli.

Mimi mshamba nilidhani hivi: mtoto ana miaka kumi na saba, anataka kusomea kuimba na kuigiza jukwaani, anaomba chuo, chuo kinajibu. Kumbe! Kwanza video za mchujo. Ukipita mchujo ndipo unaruhusiwa kwenda kukataliwa ana kwa ana. Tumeomba vyuo ishirini na moja. Kimoja kinataka aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni. Kingine kuanzia kiunoni kwenda juu. Kingine sekunde sitini, na sitini na moja ni kosa. Kingine kinataka "jambo lolote linaloonyesha wewe ni nani hasa", lisizidi dakika moja.

Shuka la bluu ni agizo la Bi Candace, mwalimu wa usaili. Anasema linayang'arisha macho ya Anneke. Macho ya Anneke ni ya kahawia. Nimelipiga pasi.

Rekodi ya thelathini na nne ilikuwa nzuri kabisa, mpaka Dirk akapiga chafya. Anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, mume wangu, na anabonyeza kitufe cha kamera kwa uangalifu uleule wa kuwasha gesi. Anneke akamuuliza ile ya thelathini na tano ilikuwaje. Dirk akafikiri. Akasema ilisikika vizuri mpaka jikoni. Kwa Dirk hayo ni mapenzi mazito.

Jumanne, 28 Novemba 2023

Majibu ya mchujo yamekamilika. Vyuo kumi na moja vimemwita! Kumi havikumtaka hata kwa sekunde sitini.

Mama wa Sloane, mwenzake Anneke anayeomba vyuo pia, kanipigia kuniuliza habari, yaani kunipa zake. "Sisi tumepita kumi na nne," akasema. Tumepita. Na yeye alivaa viatu vya kuchezea dansi akaimba? Nilicheka njia nzima hadi kazini. Halafu nikajisikia mwenyewe nikimwambia mgonjwa kwamba mwezi wa pili tuna usaili Chicago. Mgonjwa hakujibu. Nilikuwa nimemjaza vyuma mdomoni, nasafisha magego.

Jambo jingine. Anneke amenipa nywila ya barua pepe aliyoifungua kwa ajili ya vyuo. Kanichungulia jikoni, kaniambia, Mama, wewe wajibu tu, mimi nina mazoezi. Basi tangu leo mimi ni Anneke Terpstra, msichana wa miaka kumi na saba, mwenye adabu sana, asiyekosea koma.

Ijumaa, 2 Februari 2024

Chicago. Hoteli. Vyuo vyote vimekodi vyumba hapa kwa siku chache, na watoto wanapanda na kushuka wakigonga milango. Ni soko la ng'ombe lenye mazulia.

Bi Candace alisema Anneke avae gauni la kijani cha zumaridi ili akumbukwe. Tumefika ukumbini. Wasichana kama mia mbili. Nimeacha kuhesabu magauni ya kijani nilipofika sitini. Inaonekana akina Bi Candace wote walikaa mkutano mmoja.

Ndani ya lifti watu tisa, saba kati yao wakitetemesha midomo ili kupasha sauti. Brrrrr hadi ghorofa ya ishirini na tatu. Mzee mmoja mgeni wa kawaida, mwenye sanduku lake, alishuka ghorofa ya nne. Nadhani alikuwa anaenda ya kumi na nane.

Kando ya mashine ya barafu baba mmoja alikuwa anaongea na simu, sauti imekauka. Mtoto wake amepewa dakika tatu, na profesa alikula tufaha dakika zote tatu.

Anneke katoka chumba cha kwanza. Vipi? Sawa. Cha pili. Sawa. Cha tatu. Sawa. Ile "sawa" naijua, ndiyo wagonjwa wangu wanayonipa nikiwauliza kama inauma. Hajala kitu tangu asubuhi isipokuwa biskuti mbili za chumvi. Nilipomfungia zipu mgongoni nikahisi mifupa yake, nikamwonea huruma. Nikamwambia anyooshe mabega.

Jumapili, 4 Februari 2024

Naandika ndani ya gari. Tuko njiani kurudi nyumbani, tumesimama karibu na Gary, Indiana, saa nzima sasa. Lori limelala barabarani, theluji inaanguka, ni saa nane mchana na watu wamezima injini. Dirk anawatazama wafanyakazi wa barabara kwa furaha kabisa. Anneke amelala kiti cha nyuma, bado na rangi za macho.

Sheria ya barua za shukrani: kila chuo kiandikiwe ndani ya saa ishirini na nne. Kikundi cha wazazi mtandaoni kinasema asiyeandika anasahaulika. Kwa hiyo nimeandika. Kumi tayari. "Ilikuwa heshima kubwa." "Maoni yenu yamenifungua." "Nguvu za chumba kile." Nguvu gani? Mmoja wao alikuwa anakula tufaha!

Ya kumi na moja ni ya kile chuo cha Pennsylvania, anachokipenda kuliko vyote. Alipotoka chumba kile hakusema hata "sawa". Aliomba maji tu. Nikaandika "Ilikuwa heshima kubwa", na mkono ukagoma. Nimechoka. Nikafuta. Nikaandika kama Anneke, lakini ukweli:

"Mpendwa Profesa Abernathy, asante kwa dakika zako nne. Nilipokuwa naimba nilitazama kile kibao chekundu cha njia ya kutokea, juu ya mlango. Si mbinu. Naogopa nikiwatazama watu usoni nitaona wakati wanapoacha kunipenda. Tangu Agosti nimekuwa bidhaa, na watu wanaonipenda ndio wauzaji. Wanasema 'tumepita', 'tumekataliwa', nami nawahurumia, kwa hiyo nasema sawa. Gauni la kijani halikuwa wazo langu. Sauti ilikuwa yangu. Natumaini uliisikia."

Nikabonyeza tuma. Ni mzaha tu, nikajiambia. Profesa gani anasoma barua hizi?

Magari yameanza kusogea. Anneke kaamka, kauliza kama barua zote zimekwenda. Nimesema zimekwenda.

Ijumaa, 22 Machi 2024

Hapana. Hapana. "Mwaka huu waombaji walikuwa na vipaji visivyo na kifani", yaani hapana. Kumi kwa ujumla. Viwili vilijibu siku moja, kimoja wakati wa chakula. Anneke alisoma, akaweka simu chini, akamwomba baba yake ampitishie viazi.

Sloane amepata vitatu. Mama yake ameweka mtandaoni picha ya keki. Nimeipenda, kwa kidole kimoja.

Pennsylvania: orodha ya akiba. Si ndiyo, si hapana. Anneke amesema ni sawa, atakwenda chuo cha mjini hapa asomee uhasibu, wahasibu wana maisha mazuri. Alisema akitabasamu. Nikaenda chumba cha kufulia, nikalia juu ya taulo, kwa sababu mtoto huyu hajawahi kujumlisha kitu chochote kwa hiari yake.

Jumanne, 16 Aprili 2024

Mungu wangu.

Profesa Abernathy ameandika. Nafasi moja imepatikana, na kwenye orodha ya akiba wako watano. Anasema sauti anaikumbuka, ni nzuri, na nzuri amesikia nyingi. Lakini barua ile ameibandika ukutani ofisini. Miaka kumi na tisa anapokea shukrani na hakuna aliyewahi kumwambia neno la kweli. Kwa hiyo kabla ya kuamua, angependa kuongea na aliyeiandika. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwa video.

Aliyeiandika! Aliyeiandika ana miaka arobaini na tisa na goti bovu!

Na nikafanya nini? Mikono yangu ikajibu yenyewe, kwa adabu, bila kukosea koma: "Asante sana, Profesa. Nitakuwepo."

Nimemwambia Dirk wakati wa supu. Akamaliza bakuli kwanza. Akasema, "Mwambie mtoto."

Nikasema nitamwambia, natafuta tu namna.

"Namna gani? Unafungua mdomo, Marlys."

Rahisi kwa mtu anayeongea na mitambo. Nikimwambia, atakwenda mbele ya profesa akijua kwamba kinachomsubiri ni sifa za mama yake. Nisipomwambia, ataulizwa kuhusu kibao chekundu, atakodoa macho, na nafasi itakwenda kwa wa pili. Nimemwambia habari ya simu ya video tu, si ya barua. Aliruka! Alimkumbatia baba yake, akanikumbatia mimi, akakimbia juu. Sijamwona hivyo tangu kiangazi. Sasa nani awe wa kumvunjia?

Jumatano, 17 Aprili 2024

Sijamwambia. Amenyoosha blauzi mwenyewe. Dirk ananitazama.

Alhamisi, 18 Aprili 2024

Nimemwambia saa kumi na dakika ishirini. Hongera kwangu, dakika arobaini nzima kabla.

Alikuwa ametoka shule, begi bado mgongoni. Nikampa barua, nimeichapisha kazini. Akaisoma amesimama. Akarudia. Nilingoja apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na hotuba.

"Ulijuaje kuhusu kibao?" akauliza.

Nikajifanya sielewi.

"Mama. Hukuwemo mle ndani."

Nikasema alianza zamani. Akiwa na miaka tisa, sherehe ya Krismasi kanisani, wenzake wote wanawatafuta mama zao kwenye viti na yeye anatazama juu ya mlango. Mwanzoni nilifikiri amefundishwa hivyo. Baadaye nikajua anaogopa.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unaimba vizuri, mwanangu."

"Hapana. Ulikuwa unataka tupite."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nikasema samahani. Likatoka dogo sana.

Akaikunja barua, akachukua kompyuta, akapanda chumbani kwake. Hakuvaa ile blauzi.

Sasa nimekaa kwenye ngazi, juu ya kapu la nguo chafu, naandika. Dirk yuko chini anajifanya anakagua mtambo wetu, ambao hauna ubaya wowote. Saa kumi na moja kamili nilisikia sauti ya mwanamume, salamu, kisha Anneke, wazi kabisa: "Kabla hatujaanza, Profesa. Ile barua sikuandika mimi. Aliiandika mama yangu."

Nilitaka kuingia nijieleze, nikashika kapu kwa mikono miwili.

Halafu akasema, "Lakini ni kweli, yote. Naogopa." Na mlango, uliokuwa wazi kidogo, akausukuma kwa mguu ukafungwa.

Tangu hapo nasikia minong'ono tu. Dakika kumi. Ishirini. Kumkataa mtu hakuchukui dakika ishirini, au labda watu wa Pennsylvania ni wapole. Kuna wakati nilidhani namsikia akilia. Wakati mwingine nilidhani anacheka. Aliimba mistari miwili hivi bila ala, akakatishwa, akaanza tena, akakatishwa tena. Mara ya tatu akaimba polepole, sauti ndogo yenye mikwaruzo, ambayo Bi Candace asingeiruhusu, nami nikasahau kuandika.

Dakika thelathini na tano. Mlango umefunguliwa. Ametoka kuchukua maji, macho mekundu, amenipita kwenye ngazi akashuka, akapanda na glasi. Kwenye ngazi ya juu akasimama.

"Anauliza kama na wewe umeomba chuo," amesema.

Nikamuuliza ni nani anayetania, yeye au profesa. Amenitazama usoni, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, hadi nikawa mimi wa kuangalia pembeni.

Amerudi ndani. Namsikia akisema, ndiyo, niko tayari, tuendelee.