Ulivyokimbia Uani Hadi Dodoma

Dada yangu Somoe,

Daktari kaniambia nikimbie. Presha, na sukari nayo inanyemelea, ileile ya Baba. Nje huku Tegeta ni magari na vumbi, basi nimejiandikisha jimu. Wana mashine ya kukimbilia: unapanda juu ya mkanda, mkanda unarudi nyuma, unakimbia na upo palepale. Mbele kuna kioo, unaangalia tumbo lako linavyocheza. Nusu saa jasho linakutoka, ukishuka, kandambili zako ziko ulipoziacha.

Nikwambie ukweli, mwanzoni niliipenda. Kwenye mashine hakuna anayekupita. Jirani yako hata akikimbia kama swala, mko bega kwa bega tu. Wiki ya pili ndo nikakukumbuka uani, nikashuka kabla ya muda.

Unaikumbuka Mwananyamala ile, barabara mchanga mtupu? Ulikuwa darasa la saba. Kwenye mchakamchaka asubuhi ulikuwa unaiacha shule nzima, mwalimu wa michezo akakuchagua ukakimbie mashindano ya mkoa. Baba akakubali ufanye mazoezi jioni, kwa sharti moja: mie mdogo wako nikimbie na wewe, nikulinde. Mie! Hatujafika hata duka la ushirika, ushaniacha. Watu wa foleni ya sukari walikuwa wananingojaga kwa hamu.

"We Hamisi, dada'ko kakuacha tena! Mvulie kaptula avae yeye!"

Na wewe kila siku ulinisubiri kwenye lile kalavati karibu na nyumbani, ili tuingie pamoja. "Pumua kwanza," unaniambia. "Baba asijue." Halafu unanisukuma nitangulie mimi mlangoni.

Siku Baba aliyoniuliza, "Vipi, dada yako anakimbiaje?" alitaka kusikia sifa. Mie nilikuwa nimetoka kuchekwa. Nikasema, "Ananikimbia, Baba. Nikifika kalavatini namkuta kasimama na mwanaume."

Hakukuwa na mwanaume. Ulikuwa unanisubiri mie.

Baba hata hakufoka. "Basi. Kukimbia kumeisha." Kesho yake ukanivuta pembeni: "Nani kamwambia Baba?"

"Sijui, dada. Si hawa watu wa mtaani."

Ukaniamini. Mashindano yakapita. Ukaanza kukimbia uani, hapohapo ulipo, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo, khanga umeipiga kibwebwe, kila jioni ukishaosha vyombo. Ardhi ikachimbika mpaka kuku wakawa wanaoga vumbi humo. Na mie bila haya nakutania, "Leo umefika wapi?"

"Kibaha." Siku nyingine, "Chalinze, huku mvua." Ya mwisho ulinijibu, "Dodoma. Serikali yenyewe bado haijafika."

Baba akakuozesha harakaharaka, Temeke, kwa mtu mzima ambaye hata hukumjua, kwa sababu ya mwanaume wa kalavatini. Yule niliyemtengeneza mie. Wiki ya harusi nikatumwa nifukie lile shimo, watu wasijikwae. Ndoo mbili za mchanga, likajaa.

Miaka yote nikija kwako ulikuwa unanipakulia wali, unacheka: "Hivi nani yule alimwambia Baba?" Mie nakula. Siku ya msiba wako nimekaa kwenye mkeka, watu wananipa pole, nazipokea.

Jumapili iliyopita sikwenda jimu. Nilikwenda Mwananyamala, nikakimbia barabarani. Sasa ni lami, mguu unaumia kweli, upepo unakupiga usoni. Wasichana watatu waliovaa raba wakanipita. "Shikamoo mzee, kaza!" Hata marahaba haijanitoka, washapotea mbele.

Kalavati bado lipo. Nikafika, nikashika magoti, nikapumua kwanza, kama ulivyonizoesha. Halafu nikasema kwa sauti, mtu mzima peke yangu, wapita njia wananishangaa: ni mie, dada. Ni mie niliyemwambia Baba.

Nikarudi zangu. Hakuna wa kunitanguliza.

Mdogo wako uliyekuwa unamsubiri,
Hamisi